Mastaa na Viwanja vya Usagara: Mwanza Inakua, Barabara Itapita Wapi?

Kuna staa mmoja wa muziki, mtoto wa Kanda ya Ziwa, jina libaki kapuni. Majuzi kaposti video akiwa amesimama katikati ya shamba la mihogo. Miwani nyeusi, raba nyeupe, mkono mmoja umeshika jiwe la mpaka kama vile kashika tuzo. Ujumbe ulikuwa mfupi tu: vijana wa Mwanza waamke, Usagara ndo mpango mzima, kiwanja ni bei ya simu kali, na namba ya dalali hiyo hapo.

Komenti zikamiminika. Wapo waliompa hongera kwa kukumbuka nyumbani. Wapo waliouliza kama kulipa kidogo kidogo kunaruhusiwa. Wengine walikuja kwa ajili ya ubuyu tu, wanataka kujua yule mdada aliyeonekana kwenye kioo cha gari ni nani. Katikati ya vurugu zote hizo, dada mmoja akauliza kitu cha maana: hapo barabara inapita wapi? Hakuna aliyemjibu. Si staa, si dalali, si mashabiki.

Na wala staa huyo hayuko peke yake. Kuna mdada wa Bongo Muvi anayesifia viwanja vya ufukweni upande wa Igombe. Kuna mchekeshaji ambaye kila wiki yuko Kisesa, leo kavaa kofia ya saiti, kesho kakaa juu ya tofali. Zamani kiki ya msanii ilikuwa gari au mchumba. Siku hizi ni kiwanja, na ukweli usemwe, kiki ya kiwanja ni bora kuliko ya mchumba. Tatizo ni kwamba mchumba wa kiki akiondoka anaumia mtu mmoja. Kiwanja cha kiki kinaumiza mtaa mzima, tena kwa miaka mingi.

Hili jambo si dogo, na namba zinaongea zenyewe. Jiji la Mwanza, yaani Nyamagana na Ilemela kwa pamoja, sensa ya 2012 ilikuta watu 706,453. Sensa ya Agosti 2022 ikakuta 1,104,521. Hapo wameongezeka watu karibu laki nne ndani ya miaka kumi. Ukigawa kwa siku, ni kama watu 109 kila siku, ukichanganya wanaozaliwa na wanaohamia. Kama nyumba moja inakaa watu wanne au watano, maana yake kila jua likizama zinatakiwa nyumba zaidi ya 20 mpya. Jumapili, sikukuu, siku ya mvua, zote zinahesabika. Na Mkoa mzima wa Mwanza umetoka watu 2,772,509 hadi 3,699,872 katika miaka hiyohiyo.

Sasa hao watu wakae wapi? Anayeijua Mwanza anajua jiji lenyewe lilivyo. Upande mmoja ziwa, pande zingine mawe. Barabara kubwa za kutoka katikati ya mji ni tatu: ya kwenda Buhongwa, ya kwenda Igoma, na ya kwenda uwanja wa ndege. Kwingine kote ni milima. Mabatini, Igogo, Bugarika, watu wamepanda mpaka juu kabisa na kujenga katikati ya mawe ambayo hata mbuzi anayafikiria mara mbili. Picha za usiku zinatoka tamu, taa zinawaka mlima mzima kama mti wa Krismasi. Ila muulize anayekaa kule juu. Ndoo ya maji inapanda kwa kichwa. Mtungi wa gesi unapanda kwa bega. Mgonjwa anashuka mgongoni kwa mtu.

Ndiyo maana kijana anayepanga chumba kimoja, choo cha kuchangia na wapangaji saba, mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita kwa mpigo, akisikia neno kiwanja moyo unaruka. Hapo hakuna ujinga. Anataka mlango wake mwenyewe, funguo yake mwenyewe, mahali ambapo hakuna mtu atamgongea saa nne usiku kumwambia apunguze redio. Anayemcheka kijana huyo labda hajawahi kupanga.

Na Usagara na Kisesa zina sababu za kupendwa. Usagara ndo njia panda, ukienda kushoto Shinyanga, ukienda kulia Sengerema na Geita. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya maji, lilifunguliwa Juni 19, 2025. Watu waliokuwa wanapanga foleni ya kivuko sasa wanavuka kwa dakika chache. Reli ya kisasa ya Isaka hadi Mwanza, kilomita 341, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, inapita upande huohuo wa Misungwi. Chanzo kipya cha maji cha Butimba, cha lita milioni 48 kwa siku, nacho kimeelekezwa kusaidia upande wa kusini wa jiji. Kwa hiyo mji unakwenda huko, hakuna wa kuuzuia. Wazee wanaolalamika kwamba wageni wamejaa wanasahau kitu kimoja: wengi wa hao wageni ni wajukuu zao wenyewe waliokosa chumba mjini.

Kwa hiyo ugomvi usiwe na watu. Watu watakuja tu. Ugomvi uwe na namna shamba linavyogeuka kuwa mtaa.

Inavyokwenda ni hivi. Mzee ana eka moja ya mihogo na viazi, pengine na majaruba ya mpunga kule chini. Dalali anakuja na soda mbili na maneno matamu. Wanaelewana. Kesho yake dalali anarudi na kamba na kijana wa kuhesabu hatua. Ishirini kwa ishirini, ishirini kwa ishirini, mawe yanachimbiwa pembeni. Mwenyekiti anaitwa, karatasi zinaandikwa, mashahidi wanasaini, muhuri unagongwa pwaa! Jioni staa anapiga video. Mwezi haujaisha, tofali zinashushwa.

Chukua kalamu upige hesabu, maana siri yote iko hapa. Eka moja ni kama mita za mraba 4,047. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini ni mita za mraba 400. Kwa hiyo eka moja inatoa viwanja kumi, karibu kamili, bila kubaki nafasi ya barabara. Dalali anauza vyote kumi. Barabara haijasahaulika hapo. Imeuzwa.

Sasa angalia ingekuwaje kama ingeachwa. Eka yenye pande sawa ina kama mita 64 kila upande. Ukikatiza barabara ya mita 6 toka mwanzo hadi mwisho, inakula mita za mraba 384. Hicho ni kiwanja kimoja tu. Kimoja kati ya kumi! Yaani bei ya barabara, siku ile ambayo shamba bado ni mihogo mitupu, ni kiwanja kimoja. Ukiisubiri mpaka watu wakishajenga, bei yake ni nyumba ya mtu.

Na nyumba ya mtu ikishaguswa, wote wanalia. Vijana wa Dar wanakumbuka 2017, nyumba za Kimara zilivyoangushwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Alama ya X nyekundu ukutani, halafu tingatinga. Watu walikuwa na miaka na miaka pale, wengine walikuwa na karatasi zenye mihuri, na wengi wakati ule waliondoka mikono mitupu. Halafu leo kuna dalali anasifia kiwanja cha Mwanza kwa sababu kiko kando ya lami kabisa, unatoka mlangoni unapanda daladala. Sheria ya Barabara ya 2007 inaipa barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati. Hatua thelathini kubwa, upande huu na upande ule. Kiwanja kinachoingia humo ni cha barabara, hata kama kimepigwa picha na staa mwenye wafuasi milioni.

Ule ufukwe wa mdada wa Bongo Muvi nao una habari yake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za ziwa. Watu wakasema ni sheria ya kuwakomoa maskini, mbona hoteli zipo. Mwaka 2020 ziwa likapanda. Mwaka 2024 likapanda tena. Wenye kuta karibu na maji waliona wenyewe samaki wakija sebuleni bila kualikwa. Ziwa halina habari na wafuasi wako, na kama lilifika hapo juzi, litarudi.

Ila anayeumia zaidi si yule wa ufukweni mwenye hela. Anayeumia ni yule wa kiwanja cha katikati, kiwanja namba sita kati ya kumi. Wakati ananunua alikuwa anapita popote, pande zote shamba. Kisha wa mbele akajenga ukuta. Wa kushoto akajenga ukuta. Wa kulia akaweka banda la kuku. Sasa anapita kwenye kichochoro cha kupishana mabega. Mke akishikwa uchungu usiku, bajaji inaishia mbali. Choo kikijaa, gari la kunyonya haliingii, kwa hiyo watu wanasubiri mvua wakitapishe, na uchafu unateremka kwa majirani wa chini. Siku ya msiba, jeneza linainuliwa juu ya kuta kwa mikono, wanaume wanapokezana huku wakiogopa lisianguke. Hii si hadithi ya kutunga. Ndivyo watu wanavyoishi kwenye mitaa mingi iliyojibana kwenye miji yetu, na sasa tunaipeleka Usagara kwenye ardhi tambarare ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kubanana.

Milima ya Mabatini ina kisingizio, kuna mawe. Shamba la mihogo lina kisingizio gani?

Halafu yuko mzee aliyeuza. Mitandaoni anaonekana bwege, eti kauza eka kwa hela ya pikipiki mbili. Tumpe haki yake kidogo. Pamba haina uhakika, mvua haina uhakika, mtoto anadaiwa ada, na dalali kamtisha kwamba mji ukifika serikali itachukua bure. Kwa hofu hiyo na wewe ungeuza. Kosa liko kwenye namna. Mara nyingi mama mwenye nyumba hakuulizwa, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Watoto wanakuja kusikia kwenye simu, wanaona shamba walilokuwa wanalima viazi likiwa nyuma ya staa aliyevaa raba nyeupe. Mwaka unapita, hela imeisha, mzee anageuka kibarua wa kuchota maji kwenye saiti iliyojengwa juu ya shamba lake. Kumbe angekuwa na majirani zake wawili watatu, wakaunganisha mashamba, wakaita mpimaji mwenye leseni, wakapitisha mchoro wa mipango miji halmashauri, viwanja vilevile vingeuzwa vikiwa vimepimwa. Kiwanja kilichopimwa kinauzwa bei nyingine kabisa. Kile kimoja walichotoa kwa barabara kingerudi chenyewe kwenye bei ya tisa vilivyobaki.

Wapo watakaosema mambo ya kupima, kuacha nafasi wazi, ni ya Wazungu na watu wa Masaki. Si kweli. Wasukuma walikuwa na ngitiri. Kila mwenye kuijua historia ya huku anaijua: eneo la malisho linafungwa msimu wa mvua, ng'ombe hawaingii, nyasi zinakua, kiangazi kikikaza ndo linafunguliwa. Kulikuwa na njaa ya ardhi wakati huo pia, kulikuwa na wenye tamaa pia, lakini eneo lililofungwa lilifungwa na jamii ikalilinda. Mababu walimwachia ng'ombe nafasi. Wajukuu wanashindwa kumwachia mtoto nafasi ya kuchezea mpira?

Kwa sababu angalia hivyo viwanja kumi tena. Shule iko wapi? Zahanati? Soko? Mtaro wa maji ya mvua? Nyumba 20 kwa siku zina watoto, na watoto hao miaka sita ijayo wanataka darasa. Serikali ikija kutafuta eneo la shule inakuta kila hatua ina mwenyewe, inabidi inunue kwa bei ya mji ardhi ambayo jana ilikuwa mihogo. Hela ya madarasa inaishia kwenye fidia. Halafu mtaa unalalamika watoto wamebanana dawati moja wanne.

Serikali nayo isijifanye mtazamaji. Halmashauri zinajua kabisa mji unaelekea wapi, maana bomba la maji, daraja na reli ni za serikali hiyohiyo. Mchoro wa mipango miji ulitakiwa kufika kabla ya dalali. Ikifika kwanza kamba ya dalali, kinachofuata ni urasimishaji, yaani kuja kupima fujo ambayo tayari imeshajengwa. Urasimishaji unasaidia, watu wanapata hati, heshima kwake. Lakini mpimaji hawezi kupima barabara ambayo juu yake kuna sebule ya mtu. Anachora kichochoro, anaondoka. Na mwenyekiti anayegonga muhuri kwenye mauziano ya kiwanja kisicho na njia anajua anachofanya. Ni mtu wa hapohapo, jeneza litakalorushwa juu ya ukuta huenda ni la jirani yake.

Turudi kwa mastaa, maana ndo wenye sauti. Kijana wa Igoma hamsikilizi afisa ardhi. Hajawahi hata kumwona. Anamsikiliza msanii wake. Msanii akisema nunua, ananunua, kwa hela ya kikoba, hela ya mauzo ya dagaa, hela aliyotumiwa na dada yake aliyeko Oman akifanya kazi za ndani. Hiyo hela ina jasho. Staa kalipwa kuposti, pengine kapewa na kiwanja chake cha bure, tena cha mbele kwenye njia, si kile cha katikati. Yeye hatakaa pale. Anakaa Dar. Siku kesi ikifika baraza la ardhi, video imeshafutwa na namba ya dalali haipatikani.

Hakuna anayesema mastaa waache kutangaza viwanja. Watangaze. Mwanza inahitaji nyumba, na kumwona mtoto wa nyumbani akijenga nyumbani ni raha. Lakini kama una uwezo wa kushika jiwe la mpaka mbele ya kamera, unao uwezo wa kushika na mchoro. Onyesha ramani. Onyesha njia inaingilia wapi na kutokea wapi. Ukishindwa, basi hata wewe hujui unachouza, na hapo utakuwa umewauzia mashabiki wako uso wako.

Na mnunuzi naye asijifanye mtoto. Kabla hujatuma hata senti, nenda halmashauri husika uliza eneo hilo limepangwa kuwa nini: makazi, shule, barabara au hifadhi. Usagara iko Misungwi na Kisesa iko Magu, kwa hiyo usiende kuuliza ofisi za jiji ukarudishwa, na usikubali dalali akuulizie. Muulize muuzaji mkewe yuko wapi, na watoto wakubwa wako wapi, wakae kikao kimoja na wewe. Kisha simama katikati ya kiwanja, jifanye kila jirani ameshajenga ukuta, halafu jiulize utatokea wapi. Kama jibu ni kwamba utaongea na jirani vizuri, hicho si kiwanja, hicho ni urafiki, na urafiki hauna hati. Wanunuzi kumi wakikubaliana siku ya kwanza kila mmoja atoe mita 3 za mbele, tofauti inaanza hapo, bila kumsubiri waziri wala mbunge.

Sensa ijayo itahesabu tena. Kwa mwendo huu, Usagara na Kisesa hazitakuwa tena sehemu za kusema unakwenda shamba. Zitakuwa mtaa mzuri wenye njia, au zitakuwa Mabatini isiyo na hata ule uzuri wa taa za mlimani. Kitakachoamua ni kiwanja kile kimoja kati ya kumi, na mwaka huu bado kina mihogo.

Mtaani kwenu gari la wagonjwa linafika mlangoni au linaishia kwenye lami? Shusha komenti hapo chini. Taja mtaa, jina la mtu liache kapuni.